NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Hotuba juu ya afya ya moyo na afya ya jamii, iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmekwisha kuisikia taarifa ya Katibu, na Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu. Katika hesabu hizo mmesikia habari za fedha za mazishi, fedha za hospitali, karo za watoto wa wajane, na blanketi za waliounguliwa na nyumba. Kila senti imeandikwa mahali pake, nasi twamshukuru Mweka Hazina kwa uaminifu wake. Lakini tulipokuwa tukiipitia orodha hiyo kabla ya mkutano, tuliona jambo moja lililotufanya tutazamane. Karibu kila msaada ulioandikwa mle ulitolewa baada ya mtu kuanguka. Hapana mstari hata mmoja unaotaja kitu tulichomfanyia mtu alipokuwa angali anayumba.

Kwa sababu hiyo twataka kusema nanyi leo juu ya jambo lisilopimwa kwa ratili wala kwa shilingi, yaani jinsi maisha ya mtu pamoja na wenzake yanavyoweza kumtia afya au kumtia ugonjwa.

Kwanza, afya ni nini? Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yakubali kwamba afya si kukosa maradhi tu. Mwenye afya ni yule aliye mzima wa mwili, mzima wa akili, na mzima katika maisha yake kati ya watu. Wazee wetu walilijua hilo pasipo kuambiwa na mtu, na lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tukikutana asubuhi twaulizana, "Hujambo?" Hatuulizani juu ya homa peke yake, twaulizana kama kuna jambo lolote linalomlemea mwenzetu. Kadhalika, kuwaza ni kazi ya kila mwenye akili, lakini tukisema kwamba fulani "ana mawazo", sote twaelewa ya kuwa halali usiku, chakula hakimshuki, na kicheko kimemwondoka. Neno tunalo. Tulilokosa ni kulifanyia kazi.

Kwa fikira zetu, moyo wa mtu ni kama chungu jikoni: husimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni ujirani, maana mtu hana budi kuwa na watu wa kumwuliza hali. Figa la pili ni kauli. Mtu asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na kwa lugha anayoielewa. Figa la tatu ni shughuli yenye heshima, ambayo kwayo mtu hujiona kuwa anafaa. Liondoe figa moja, na chungu kitapinduka hata kama kuni ni tele na unga umejaa debe.

Ili tusiseme maneno ya hewani, na tutazame habari za Olkaria, maana si mbali nasi, na mambo yaliyotokea huko yameandikwa wazi. Jina hilo ni la Kimaasai, nalo hutaja udongo mwekundu ambao wamorani hujipaka. Chini ya udongo huo mna moto na maji, na mvuke hutoka katika nyufa za ardhi. Visima vya kwanza vya kuutafuta mvuke huo vilichimbwa katika miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza wa kuugeuza kuwa umeme ulianza kazi mwaka 1981 kwa megawati 15, na mwaka 2014 ukafunguliwa mtambo wa Olkaria IV wenye megawati 140. Umeme huo hauhitaji mafuta kutoka ng'ambo, wala haungoji mvua ijaze mabwawa. Ni faida ya nchi nzima, nasi hatukuja hapa kuukashifu.

Lakini palipokuwa na mvuke palikuwa na watu. Ili mtambo ule wa Olkaria IV uendelee, wakazi wa vijiji vinne vya Wamaasai walitakiwa kuhama: Cultural Centre, Oloo Nongot, Oloo Sinyat na Olomayiana Ndogo. Mwaka 2014 walihamishiwa mahali panapoitwa RAPland, kwenye ardhi ya ekari 1,700 hivi. Huko walijengewa nyumba za kudumu, wakapata shule na zahanati. Mpita njia aliyeziona nyumba zile angeliweza kusema, "Watu hawa wamebahatika."

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2014, baadhi ya wenyeji waliandika malalamiko yao kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa miongoni mwa walioikopesha kazi ile fedha. Walilalamika kwamba ardhi mpya ina makorongo na mabonde, na kwamba wengine waliostahili nyumba hawakuhesabiwa. Walisema pia ya kuwa wale waliokuwa wakipata riziki kwa wageni wa Hifadhi ya Hell's Gate, kwa kuwauzia shanga na kuwachezea ngoma, sasa wako mbali na wageni hao na hula nauli kabla ya kula chakula. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilifanya uchunguzi, likatoa ripoti yake mwaka 2015. Ripoti hiyo haikuyakana mema yaliyotendwa. Walakini ilionyesha kasoro katika namna watu walivyoshauriwa: lugha ya Kimaa haikutumiwa ipasavyo, na baraza la wazee halikupewa nafasi yake ya desturi. Ilionyesha kasoro pia katika kurudisha njia za watu za kujipatia riziki. Baadaye kampuni ya KenGen na wanavijiji waliketi mbele ya wapatanishi, na mwaka 2016 wakatia sahihi mapatano.

Ndugu zetu, tazameni vema malalamiko yale. Watu walisema wazi juu ya nyumba, ardhi na nauli, maana hayo ni mambo yanayoandikika katika barua. Lakini yashikeni pamoja na mafiga yetu matatu, nanyi mtaona lililo chini yake. Katika boma la Kimaasai nyumba huzunguka, ng'ombe wakawa katikati, na moshi wa jirani huonekana kutoka mlangoni pako. Kikohozi cha mzee usiku hakikosi msikiaji. Katika desturi hiyo nyumba hujengwa na mwanamke kwa mikono yake, nayo ni kazi yake na sifa yake. Ikija nyumba iliyojengwa na fundi wa mkataba, ni imara, haivuji, nasi twaisifu. Lakini ni nani aliyemwuliza mama yule atafanya nini na mikono yake? Na mzee aliyezoea kuamua ugomvi chini ya mti, akiona maamuzi yote yanafanywa ofisini kwa lugha asiyoijua, atarudi nyumbani na nini? Hapo ndipo usemi wa wahenga unapotukumbusha: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa watu hao. Mwaka 1904 Wamaasai wa upande wa Naivasha na Nakuru waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa mkataba, wengi wao wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukaamuru watolewe Laikipia na kupelekwa kusini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Mtu ambaye wazee wake walihamishwa mara mbili halisikii neno "hama" kama alisikiavyo mtu mwingine. Majeraha ya jamii hurithiwa kama mifugo inavyorithiwa, na hayaonekani hesabu ya hasara inapofanywa.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni ya Wamaasai peke yao. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Kariba lilipojengwa katika mto Zambezi, Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka bondeni mwao. Wataalamu wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, waliwatembelea kabla ya kuhama, wakaendelea kuwafuata kwa miaka mingi baadaye. Walichokiona ni kwamba mzigo wa aliyehamishwa huwa na sehemu tatu. Kuna mzigo wa mwili, yaani magonjwa na vifo. Kuna mzigo wa moyo, ndio huzuni ya mahali palipopotea pamoja na hofu ya kesho. Na kuna mzigo wa desturi: viongozi hupungukiwa na heshima, na ibada zilizofungamana na mahali hukosa mahali. Serikali huhesabu sehemu ya kwanza. Sehemu mbili zilizobaki huachiwa watu wenyewe wazibebe.

Juu ya figa la kauli tunao ushahidi mwingine, nao watoka kwa watu ambao hawakuhamishwa kabisa. Huko London, kuanzia mwaka 1967, madaktari waliwachunguza watumishi wa serikali zaidi ya 17,000, kuanzia matarishi hata wakubwa. Wote walikuwa na kazi na mshahara, wala hapakuwa na mwenye njaa. Hata hivyo waligundua kwamba watumishi wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiasi cha mara tatu kuliko wale wa daraja la juu. Uvutaji wa tumbako na mambo ya mwili yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha ya kuwa mtu asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe yu katika hatari zaidi ya ugonjwa huo. Basi kunyimwa kauli si uchungu wa maneno tu. Huingia mpaka kwenye mishipa ya damu.

Na figa la ujirani? Hapo hatuhitaji kwenda London. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa katika nchi yetu, kwa hesabu ya tume iliyochunguza mambo hayo. Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana mwezi wa Januari 2008. Jirani alimkimbia jirani aliyekuwa amemwazima chumvi juma lililopita. Amani iliporudi, mabati yalihesabiwa na kuta zikajengwa upya. Lakini imani haiuzwi dukani pamoja na misumari. Mpaka leo wako kati yetu watu ambao, kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, hufunga nguo zao katika mfuko na kuuweka karibu na mlango. Hawana homa, wala hawana kidonda. Tuseme wana afya?

Tuwakumbuke pia vijana wetu wanaokuja kutoka pande zote kufanya kazi katika mashamba ya maua kando ya ziwa Naivasha. Hao hawakufukuzwa na mtu. Walikuja kwa hiari yao kutafuta mshahara. Lakini msichana aliyekulia penye shangazi na bibi, akiisha kulala peke yake katika chumba cha kupanga, mbali na kila anayelijua jina la mama yake, amepungukiwa na figa moja. Wengine hupata kanisa, au chama cha akiba, wakasimama imara. Wengine huipata chupa kwanza.

Sasa, wazee wetu, tuwie radhi tukisema neno lililo karibu na ngozi. Sisi wanaume tumefundishwa kwamba mwanamume halii. Kwa hiyo twalia kwa njia nyingine: kwa pombe, kwa ukali nyumbani, kwa kunyamaza miezi mitatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na chama chetu hakikosi lawama. Twafika penye msiba na michango yetu, twaandika majina daftarini, twala chakula cha matanga, na siku ya pili kila mtu yuko kwake. Mjane hubaki na daftari. Sisi tulioandika hotuba hii tumefanya hivyo mara nyingi, wala hatukurudi kuuliza.

Dawa yake ipo, tena imekwisha kujaribiwa katika bara letu. Mwaka 1954 daktari wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta, kuwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za wanakijiji badala ya kuwafungia nyuma ya kuta. Mgonjwa alikaa na ndugu yake, akapata matibabu ya hospitali, kisha akarudi jioni penye moto, watoto na mazungumzo. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaa huo. Bibi hao hufundishwa kusikiliza, kisha hukaa kwenye benchi karibu na zahanati, na mwenye kulemewa huja kuketi karibu nao. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo" yetu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha ya kwamba baada ya miezi sita, walioketi na bibi hao walikuwa wamepata nafuu kuliko wale waliopewa matunzo ya kawaida.

Fikirini maana yake, wazee wetu. Benchi lile halikuhitaji mashine. Lilihitaji mtu mzima mwenye subira, naye tunaye katika kila boma na kila mtaa.

Lakini tusije tukadanganyana. Yako maradhi ya akili yanayomhitaji daktari na dawa, kama vile mfupa uliovunjika unavyomhitaji. Mtu wa namna hiyo asifungwe kamba nyuma ya nyumba, wala asiitwe mwenye laana. Na aliyekata tamaa mpaka akajaribu kujiua si mhalifu. Mahakama Kuu ya nchi yetu iliamua mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu mtu kama huyo chapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeacha kumhukumu, sisi majirani twaendelea kumhukumu kwa amri ya nani?

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo manne, nasi twaomba mkutano huu uyakate kwa kura kabla hatujaondoka.

La kwanza, mtu akifiwa, akipoteza kazi, au akihamishwa, chama kichague wanachama wawili wa kumtembelea mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu. Wasiende na bahasha. Waende na wakati. Na Katibu aandike ziara hizo katika taarifa yake, kama Mweka Hazina anavyoandika fedha.

La pili, ikija habari yoyote ya ardhi, barabara au mvuke, baraza likutane kabla mtu ye yote hajatia sahihi wala kidole gumba. Katika baraza hilo wazee wawepo, akina mama wawepo na vijana wawepo, na kila neno litafsiriwe mpaka aliye mkongwe kuliko wote aseme, "Nimeelewa." Vijana wanajua kusoma mikataba, wazee wanakumbuka mikataba ya 1904 na 1911 ilileta nini. Kikikosekana kimoja, tutauziwa mbuzi ndani ya gunia.

La tatu, sehemu ya fedha zetu za msaada igeuzwe kuwa mkopo wa vyombo vya kazi, kama shanga, cherehani, mbuzi au mizinga ya nyuki. Unga humfaa mwenye njaa kwa juma moja. Shughuli humrudishia mtu uso wake.

La nne, kila tawi liwe na wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kifua cha kutunza siri, ambao mwenye mawazo ataweza kuwaendea. Nao wafundishwe na watu wa zahanati kutambua lini msikilizaji hatoshi, na mgonjwa apelekwe hospitali akiwa amesindikizwa.

Tunajua yatakuwapo maulizo. Wengine watasema chama ni cha michango wala si cha mazungumzo. Twawajibu kwamba mchango wa mazishi ni wajibu, wala hatutauacha. Lakini chama kinachomjua mwanachama wake siku ya jeneza tu kimechelewa. Wengine watasema hatuna fedha. Kati ya mambo manne tuliyoyataja, moja tu ndilo linalohitaji fedha, nazo zimo tayari katika sanduku letu.

Bwana Mwenyekiti, mvuke wa Olkaria ulikuwa chini ya ardhi karne nyingi pasipo kuonekana, isipokuwa pale ulipopata ufa. Huzuni ya watu nayo iko hivyo hivyo. Isipopewa njia iliyo njema, hujitafutia ufa wenyewe, na mara nyingi ufa huo hutokea katikati ya nyumba. Tukitoka hapa leo, kila mmoja wetu akumbuke mlango mmoja ambao hajaugonga siku nyingi. Auendee, aseme hodi, na akiambiwa karibu, aingie mpaka ndani.